Kadari, sadfa na mkono wa mtunzi

Mwandishi anayesema "niliandikiwa" na yule anayesema "ni jasho langu tu" mara nyingi hawabishani. Kila mmoja anazungumzia kitu chake. Wa kwanza huenda anafikiria alikozaliwa, lugha aliyokulia na misukosuko iliyomkuta. Au anafikiria wazo lililomjia njiani bila kuitwa. Au anafikiria jinsi kitabu chake kimoja kilivyopendwa huku kile alichokithamini zaidi kikioza ghalani. Wa pili anafikiria saa za kukaa kitini. Mambo hayo yote yakitiwa kapu moja, mjadala hauishi.

Ukiyatenganisha, unabaki na mafungu matatu yenye tabia tofauti: ulichopewa kabla hujaanza, kinachokujia ukiwa kazini, na kinachoipata kazi ikishatoka mkononi mwako. Liko na la nne ambalo ni la watunzi peke yao: kadari ndani ya hadithi, pale mwandishi anapokuwa yeye ndiye anayewaandikia wengine ajali, ndoa na kifo.

Wanazuoni wameligusa suala hili kwa karne nyingi na hakuna haja ya kulifukua lote. Katika mijadala ya mwanzo ya Waislamu, Jabria walisema mja hana hiari, Kadaria wakasema vitendo vya mja ni vyake mwenyewe, na al-Ash'ari, katika karne ya 10, akatafuta njia ya kati: kitendo huumbwa na Mungu, mja hukichuma, yaani hukifanya kiwe chake. Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, aligawa mambo mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Na iko Hadithi ya Mtume, katika mkusanyiko wa Tirmidhi, juu ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwa kazi ya uandishi jibu hilo linatosha. Linalobaki ni la kiufundi: kamba iko wapi, na fundo linafungwaje.

Ulichopewa

Hapa mkono wa mtunzi ni mfupi. Hakuna aliyechagua wazazi, zama zake wala lugha ya kwanza. Lakini kuna imani moja inayohitaji kung'olewa mapema, nayo ni kwamba mateso huzaa waandishi.

Mfano unaotajwa zaidi ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka, na humo akaandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Kinachosahauliwa ni kwamba aliingia gerezani akiwa ameshachapisha riwaya nne, ya kwanza mwaka 1964. Gereza halikumfundisha kuandika. Lilimnyima karatasi, na ufundi aliokuja nao ukatafuta pa kupitia. Lilimpa sababu pia, maana alifungwa baada ya tamthilia iliyoigizwa kwa Kigikuyu, akaamua riwaya nayo iwe kwa lugha hiyo hiyo. Wengi walikaa katika vyumba kama kile na hawakutoka na kitabu, na hilo si kosa lao.

Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana na kufika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Kati ya tukio na kitabu ilipita karibu miaka 20. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na kuandika pembeni ya ajira; kazi ile haikuwa majaliwa ya kishairi hata kidogo, ilikuwa mshahara.

Kwa hiyo ulichopewa ni malighafi, na malighafi huorodheshwa. Chukua karatasi moja. Andika kazi tatu za mikono unazoweza kuzieleza hatua kwa hatua bila kumwuliza mtu: chombo gani kinatangulia, kipi kinafuata, fundi hushika wapi, hukosea wapi. Andika majina ya watu kumi ambao unaweza kuiga usemi wao kiasi kwamba anayewafahamu atawatambua kwa sentensi mbili. Andika magomvi matano uliyoyasikia kwa masikio yako, na kwa kila moja uandike kile kilichokuwa kikigombaniwa na kile kilichokuwa kikigombaniwa kwelikweli. Karatasi hiyo ikijaa una mtaji wa miaka. Isipojaa, tatizo si maisha duni. Ni kwamba hujayaangalia.

Kinachoharibika hapa ni rahisi kukiona. Mtu anadhani maisha yake ni ya kawaida mno, anaandika ya watu asiowajua. Dalili yake ni majina ya jumla: "mti", "ndege", "chombo", "chakula kitamu". Anayejua husema mti gani.

Kipaji nacho kimo katika fungu hili, na kinasemwa mengi kuliko kinavyojulikana. Ile kauli kwamba saa 10,000 za mazoezi humfanya mtu bingwa ilitokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin. Zilikuwa wastani wa mazoezi ambayo wapigaji bora walikuwa wamefikisha kufikia umri wa miaka 20. Hakikuwa kizingiti ambacho ukikivuka umekuwa bingwa. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walijumlisha tafiti nyingi za namna hiyo, wakakuta mazoezi ya makusudi yanaeleza asilimia 21 hivi ya tofauti kati ya wanamuziki, na chini ya asilimia 1 katika kazi za kitaaluma. Mazoezi yalifaa zaidi pale ambapo kazi ina kanuni zinazotabirika. Uandishi hauna kanuni za namna hiyo, kwa hiyo kurudia tu hakumfikishi mtu mbali. Anahitaji kujua anafanyia mazoezi kitu gani, na awepo wa kumwonyesha alipokosea.

Kinachokujia

Ilhamu husimuliwa vibaya. Watu husimulia dakika ya mwisho na kuziacha wiki zilizotangulia.

Mwanahisabati Henri Poincaré alieleza jinsi jibu lilivyomjia pale alipoweka mguu kwenye ngazi ya basi la kukokotwa na farasi mjini Coutances, huku akiwa katika maongezi ya mambo mengine kabisa. Hilo ndilo hunukuliwa. Lakini maelezo yake mwenyewe yanaanzia mbali zaidi: kwa siku 15 alikuwa akiketi mezani kila siku, saa moja au mbili, akijaribu michanganyiko mingi bila kufika popote. Na baada ya safari alirudi akalihakiki jibu lile kwa utulivu. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alisema shairi lake "Kubla Khan" lilimjia usingizini, na kwamba aliamka na mistari 200 hadi 300 kichwani, akakatizwa na mgeni, akabakiwa na 54. Katika utangulizi huo huo wa mwaka 1816 anakiri kwamba alipitiwa na usingizi akiwa anasoma kitabu cha safari kinachomtaja Khan huyo na kasri lake. Isitoshe, upo mswada wa mkono wake ambao maneno yake yanatofautiana na yaliyochapishwa. Hata ndoto ilikuwa na maandalizi, na hata ndoto ilihaririwa.

Graham Wallas, katika kitabu cha mwaka 1926, aliugawa mwendo huu hatua nne: maandalizi, kuatamia (kuliweka tatizo kando kwa muda), mwanga, na uhakiki. Mgawanyo huo si sheria ya asili, lakini kwa kazi ya kila siku bado haujapatikana ulio bora, kwa sababu unaonyesha ni hatua ipi iliyorukwa.

Maandalizi. Andika swali la hadithi kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza: "Kwa nini mjane huyu haiuzi nyumba ambayo yeye halali ndani yake?" Kisha lishughulikie mpaka ukwame kabisa. Si kuchoka, kukwama: umejaribu majibu sita au saba, umeyaandika, na yote umeyaona yalivyo dhaifu. Kwa kawaida hii huchukua vikao viwili vitatu vya saa moja na nusu. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walichambua kwa pamoja tafiti 117 za kuatamia, na moja ya waliyoyaona ni kwamba kadiri mtu alivyotumia muda mrefu kwenye tatizo kabla ya kuliacha, ndivyo kuliacha kulivyomsaidia. Wanaongoja ilhamu bila hatua hii wanaatamia kiota kitupu.

Kuatamia. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba shughuli nyepesi wakati wa mapumziko hufaa kuliko shughuli nzito. Kuosha vyombo, kufagia, kutembea. Simu haifai, na sababu yake ni kwamba inakujaza maneno ya watu wengine, wakati sehemu ya akili inayoshughulika na maneno ndiyo hasa unayotaka iachwe ifanye kazi yake. Kutembea kuna ushahidi wake: Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo mawazo mapya ya watu yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 walipokuwa wakitembea. Lakini angalia masharti: kutembea kuliongeza wingi wa mawazo. Katika maswali yenye jibu moja tu sahihi hakukusaidia, kulipunguza kidogo majibu sahihi. Basi tembea unapotafuta nini kinaweza kutokea, kaa unapotafuta neno moja sahihi.

Usingizi nao si hadithi tupu. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliwapa watu 103 fumbo la hesabu lenye njia ya mkato iliyofichwa. Waliopitiwa na ule usingizi wa mwanzo kabisa, hata kwa sekunde 15, waliigundua njia hiyo kwa asilimia 83. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi usingizini, asilimia 14. Washiriki walishikishwa chombo mkononi ili kikidondoka kiwaamshe. Anayetaka kujaribu akae kitini baada ya kazi, ashike kijiko juu ya sahani, awe na kalamu karibu. Kulala chali kitandani kunaharibu jaribio, kwa sababu unapitiliza.

Mwanga ukija, wengi huupoteza kwa kuandika kidogo. "Yule mzee na ufunguo" ni andiko lisilo na faida baada ya wiki. Hujui tena mzee alikuwa akifanya nini wala ufunguo ulikuwa wa wapi. Andika sentensi nne kamili: nani, anataka nini, nini kinamzuia, na jambo moja linaloonekana kwa macho. Dakika mbili zinatosha. Sentensi ikija na mdundo wake, ichukue kama ilivyo bila kuisahihisha.

Halafu uhakiki, ambao unastahili muda mrefu kuliko zote tatu na ndio unaopewa mfupi. Acha andiko lilale angalau usiku mmoja, uligeukie asubuhi kwa macho ya adui. Chukua sentensi kama hii: "Salma alikuwa na huzuni kubwa isiyo na kifani kwa kufiwa na mume wake mpenzi." Kila neno ndani yake linamwambia msomaji ahisi nini, na hakuna hata moja linalomwonyesha kitu. Mpenzi, kubwa, isiyo na kifani: ni maneno matatu yanayofanya kazi ambayo hayaiwezi. Rasimu ya pili: "Salma alilifua shati la marehemu mumewe huku machozi yakimtoka." Afadhali, kuna shati, lakini machozi bado yanaomba. Rasimu ya tatu: "Salma alilifua lile shati, akalianika. Jioni akalianua, akalifua tena." Hakuna huzuni iliyotajwa, na haikuhitajika. Rasimu ya tatu haikutoka kwenye ilhamu. Imetoka kwenye kufuta na kuuliza, baada ya kila kufuta, mtu huyu anafanya nini kwa mikono yake.

Kuhusu kungoja hali ije ndipo uandike, kuna jaribio la zamani linalofaa kujulikana. Robert Boice, mwaka 1983, aligawa wasomi 27 waliokuwa na shida ya kuandika katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikatazwa kuandika isipokuwa kwa dharura. La pili liliandika pale tu lilipojisikia. La tatu lililazimishwa kuandika kwa ratiba, na aliyekosa, hela yake ilikwenda kwa taasisi anayoichukia. Kundi la lazima liliandika zaidi, hilo halishangazi. Linaloshangaza ni mawazo: lilipata wazo jipya karibu kila siku, walioandika wakijisikia walipata moja kila siku mbili, na waliokatazwa moja kwa siku tano hivi. Kuandika ndiko kulikoita mawazo. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama mizani, ila mwelekeo wake unajulikana na kila anayeandika kwa ratiba.

Kiasi kinachodumu ni kidogo kuliko watu wanavyojipangia. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50, ni maneno 75,000: riwaya kamili. Mpango wa maneno 2,000 kwa siku huvunjika wiki ya pili, na ukivunjika huleta aibu, na aibu humfanya mtu aogope meza. Acha kazi ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Iache nusu hata. Kesho yake hutaanza na ukurasa mtupu.

Kadari ndani ya hadithi

Mwandishi wa hadithi ana madaraka ambayo maishani hana, na hapo ndipo wengi wanapoyatumia vibaya. Kitu kinachoitwa majaliwa katika rasimu nyingi ni sadfa tu: mtu anayetafutwa anapanda gari lile lile, barua inaokotwa na yule yule, tajiri anatokea kuwa baba.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona tatizo hili na kutoa mfano mfupi. Huko Argos sanamu ya mtu aitwaye Mitys ilimwangukia mtazamaji na kumuua, na aliyeuawa ndiye aliyekuwa amemuua Mitys. Tukio hilo ni la nasibu, anasema, lakini linatushangaza zaidi kwa sababu linaonekana kama lina nia. Msuko bora kwake ni ule ambao mambo yanatokea bila kutarajiwa na bado yanatokana na yaliyotangulia.

Tazama tamthilia ya Mgiriki Sophocles juu ya Oedipus, mfalme anayemsaka muuaji wa mfalme aliyemtangulia bila kujua kwamba muuaji ni yeye na aliyeuawa ni baba yake. Imejaa sadfa kuliko watu wanavyokumbuka. Mjumbe anayekuja kutoka Korintho ndiye yule yule aliyekabidhiwa Oedipus zamani akiwa mtoto, na shahidi pekee wa mauaji ya njia panda ndiye yule yule mchungaji aliyemkabidhi. Mwandishi wa leo angeambiwa na mhariri apunguze. Kwa nini inapita? Sababu moja ni kwamba hakuna sadfa hata moja inayomwokoa mhusika, zote zinambana. Sababu ya pili ina uzito zaidi: sadfa hizo zinakaa, lakini kinachozivuta hadharani ni ukaidi wa Oedipus mwenyewe wa kuuliza. Yokasta, mkewe, anamsihi aache. Mchungaji anamsihi aache. Mjumbe amekuja kumtuliza, na katika kumtuliza ndipo anapolifungua fundo. Yeye anauliza tena.

Sasa kisa kifupi cha kujifunzia. Mvuvi anatabiriwa kwamba atakufa maji. Anauza mtumbwi, anahamia mlimani, mto ukiwa mwendo wa saa mbili, na miaka kumi baadaye anafia kisimani. Rasimu ya kwanza huwa hivi: usiku anatembea uani, anateleza, anatumbukia. Msomaji anajua amechezewa. Kilichomuua ni utelezi, na utelezi hauna uhusiano wowote na mtu huyu.

Ili kifo kiwe chake, kila hatua itoke kwenye kile anachokiogopa. Kwa kuwa anaogopa mto, hataki binti yake aende kuchota. Kwa kuwa hataki binti achote, inambidi achimbe kisima uani. Kwa kuwa hawezi kutazama maji bila kutetemeka, hajawahi kushuka kukisafisha, na upande mmoja wa ukuta umebaki udongo mtupu, haukujengewa mawe. Siku binti anapotumbukia, nyumbani yupo yeye peke yake. Anaweza kukimbia kuita watu, ambao wako mbali. Anashuka, na udongo ule unaporomoka. Utabiri umetimia, lakini ukimwuliza msomaji nani aliyemuua atasita. Kusita huko ndiko unakokutafuta.

Udongo ule lazima uwe umepandwa. Ukiutaja mara ya kwanza siku ya kifo, umeangukia pale pale kwenye utelezi. Utaje mapema, kwa kazi nyingine kabisa: mawe yaliyobaki yako kwenye lundo kando ya zizi, kuku wanatagia humo, na jirani anamtania kwa kutomaliza ujenzi. Msomaji anadhani anachekeshwa. Utaje tena katikati: ndoo inapanda na maji ya rangi ya udongo, binti anayaacha yatulie kabla ya kupikia. Mara mbili zinatosha. Mara moja msomaji husahau. Ukizidisha hubashiri, na tangu hapo anangoja badala ya kusoma.

Sadfa zenyewe zina posho. Moja inaruhusiwa, robo ya kwanza ya hadithi, na imtie mhusika shidani. Ukiitumia kumtoa shidani mwishoni, kila alichokifanya katikati kinafutika. Waandishi wa vichekesho wana uhuru zaidi, kwa sababu msomaji wa kichekesho ameshakubali kuchezewa.

Ukaguzi wa kufanya baada ya rasimu nzima: andika kila tukio kwenye kijikaratasi chake, uvipange, na kati ya kila viwili uandike neno la kuunganisha. Likiwa "kwa hiyo" au "lakini", msuko umeshika. Likiwa "kisha", haujashika. "Kisha" mbili mfululizo, hadithi imekatika hapo. Ukaguzi wa pili ni wa vitenzi. Chukua kurasa tatu zozote, upigie mstari vitenzi vya kutendwa vinavyomhusu mhusika mkuu: alifukuzwa, alipelekwa, aliambiwa, alisahauliwa. Vikizidi vile anavyotenda yeye, una mhusika asiye na hiari, na asiye na hiari hawezi kuwa na kadari. Anapatwa na mambo tu. Huhitaji kumfanya shujaa. Mpe uamuzi mmoja mbaya alioufanya akiwa na njia nyingine mbele yake.

Ikishatoka mkononi

Hapa bahati ni kweli, na imepimwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio la mtandaoni lililohusisha watu 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilisikiliza bila kujua wengine wamependa nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, kila moja likiona namba za upakuaji za kundi lake pekee. Nyimbo zile zile, makundi manane, na matokeo yakatofautiana sana. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa ubora, kwa kipimo cha kundi lile la kwanza, uliibuka wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Zilizo bora sana hazikuanguka mara nyingi na mbovu sana hazikupanda mara nyingi, ila kwa zile za kati lolote liliwezekana. Na kazi nyingi zinazotungwa ni za kati, tukubali tusikubali.

Kwa hiyo ukataliwaji mmoja haukuambii kitu kuhusu kazi, na sifa moja vivyo hivyo. Dean Keith Simonton, aliyechunguza maisha ya wabunifu wengi, ameonyesha kwamba kwa wastani uwiano wa kazi zilizofanikiwa kwa zote alizotoa mtu haubadiliki sana katika uhai wake. Anayetoa nyingi ndiye hupata nyingi zilizofaulu, na ndiye hupata nyingi zilizoanguka. Kamba ya ngamia hapa ni idadi ya kazi zilizokamilika na kutumwa.

Fungua daftari lenye safu tano: jina la kazi, ilikopelekwa, tarehe, jibu, inakofuata. Safu ya tano ijazwe siku ile ile unapotuma, kabla jibu halijaja, ili kukataliwa kusihitaji uamuzi mpya. Kunahitaji bahasha au barua pepe nyingine tu. Soma masharti ya kila mchapishaji kuhusu kutuma kazi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja, maana wengine hawataki. Kazi ikirudi bila maelezo, usiiguse. Wasomaji wawili wasiojuana wakinyooshea kidole ukurasa ule ule, uguse, hata kama dawa wanayopendekeza si sahihi; mara nyingi mahali pana kosa, sababu yake iko kurasa 20 nyuma.

Na andaa mswada kana kwamba mtu mwingine ndiye atakayeufungua. Emily Dickinson alipofariki mwaka 1886 alikuwa amechapisha mashairi kama kumi tu kati ya karibu 1,800. Mengi yalisalimika kwa kuwa aliyanakili safi na kuyashona mwenyewe katika vijitabu vipatavyo 40, ambavyo dada yake alivikuta. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na baadhi ya vitabu vyake vilitoka miaka kadhaa baadaye. Katika mambo hayo mawili bahati ilihusika, lakini kulikuwa na kitu cha kuokotwa. Nakala ya mwisho iwe moja, iitwe ya mwisho, iwe na tarehe na jina kamili kwenye ukurasa wa kwanza na namba kwenye kila ukurasa. Rasimu za zamani zikae folda nyingine. Hifadhi mahali pawili ambapo moto mmoja hauwezi kufika pote, na mtu mmoja unayemwamini ajue nywila.